Nawapenda wanangu sawa, lakini mbona nawatendea kwa rangi zao?

Swali

Naishi Unguja. Mimi ni mweusi, mume wangu ana asili ya Oman, na Mwenyezi Mungu ametujaalia mabinti wawili: mkubwa amefuata rangi yangu na nywele zangu za kipilipili, mdogo ni mweupe mwenye nywele za singa. Nimetambua kwamba wageni wakija mimi humtanguliza mdogo, na kwamba mkubwa peke yake ndiye ninayemkataza kucheza juani asizidi weusi. Sikuwahi kukusudia kubagua. Nitaachaje jambo ninalolitenda bila kulifikiri?

Jibu la kwanza

Dada yangu, jambo hili halikuanza nyumbani kwako. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni hapa Zanzibar iligawa chakula kwa kufuata asili za watu, na mchele ukaelekezwa zaidi kwa Waarabu na Wahindi, hivyo kuhesabiwa upande wao kulikuwa na faida iliyoonekana sahanini. Bibi zetu waliyaishi hayo wakatulea nayo. Sikupi udhuru, nataka tu usidhani kwamba moyo wako ndio chanzo pekee.

Jibu la pili

Mimi namfikiria zaidi binti mkubwa. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, waliwaonyesha watoto weusi wadogo wanasesere waliotofautiana rangi tu, na wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti wao ulitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1954 iliyoharamisha kuzitenganisha shule za umma kwa rangi. Watoto wale hawakuhitaji kuambiwa lolote waziwazi, na wako pia anaona nani anaitwa kwanza sebuleni. Mtu akimsifu mdogo kwa weupe mbele ya dada yake, mjibu papo hapo kwa heshima, hata akiwa mama mkwe.

Jibu la tatu

Utashauriwa ufanye lile jaribio la kompyuta la kupima upendeleo uliojificha, lililoanza 1998. Mtu yuleyule akilirudia huweza kupata matokeo tofauti, kwa hiyo usilichukue kama hukumu. Afadhali mumeo akuangalie, akwambie faraghani kila akuonapo ukiteleza, nawe umfanyie vivyo hivyo, maana sidhani kwamba yeye amesalimika. Kisha mwambie binti mkubwa wazi kwamba umekuwa ukimkosea, bila kumtaka akuliwaze.