Naomba ushauri: vumbi la mninga linanidhuru

Ndugu mafundi na wataalamu wa afya, habari za kazi.

Mimi ni seremala hapa Kizota, Dodoma, na kwa miaka 11 nimetengeneza vitanda na makabati bila kusumbuliwa na vumbi. Hata hivyo, tangu tulipopokea kazi ya milango ya mninga, kila ninapopiga msasa hupiga chafya mfululizo, macho huniwasha na mikono hutoka vipele hadi kwenye viwiko. Kinachonitia hofu zaidi ni kifua, kwani usiku, saa kadhaa baada ya kufunga karakana, hubana na kutoa mlio kama filimbi, ilhali nikipumzika siku mbili hali hutulia. Mbao za paini hazinifanyi hivyo.

Nafahamu kwamba mninga na mvule ni miongoni mwa mbao zinazoweza kuleta mzio, na kwamba kitambaa nilichokuwa nikijifunga usoni hakizuii chembe ndogo. Sasa navaa barakoa ya N95, na kabla ya kufagia nanyunyiza maji. Kuhamia nje nilijaribu, lakini upepo wetu wa Dodoma (wenyeji mnaujua) ulirudisha vumbi lote usoni.

Naomba kujua kama kuna fundi aliyetengeneza kifaa cha kunyonya vumbi kwenye mashine ya randa kwa gharama nafuu, na kama dalili hizi za kifua zinahitaji kupimwa pumu mapema au niache mninga kabisa, ingawa ndio unaolipa.