Michoro ya zamani ya wanyama kutoka kasha la babu, Mikindani: nitajuaje umri wake?

Mleta mada, Mikindani

Wanajamvi, salaam. Baada ya arobaini ya babu mzaa mama tulifungua kasha lake, na chini ya kanzu tukakuta kurasa nne za michoro ya wanyama zilizotolewa vitabuni: farasi, tembo, kifaru na paka. Hakuna anayejua zilikotoka, ila bibi anasema marehemu alipokuwa akifanya kazi bandarini alikuwa na mazoea ya kuokota kila karatasi yenye picha.

Farasi anakimbia huku miguu yote minne imenyooshwa, ya mbele kwa mbele na ya nyuma kwa nyuma, tumbo likielea juu ya majani kama mashua, na rangi ya kahawia ya mwili wake imevuka mstari wa mgongo ikaingia angani. Masikio ya tembo ni madogo mno, wajomba walimcheka. Kifaru ana ngozi iliyopangwa kama mabamba ya chuma na kijipembe cha ziada katikati ya mabega. Chini ya farasi na tembo pana maneno ya Kijerumani kwa herufi za kizamani zenye kona kona.

Kosa langu niliseme mapema: paka nilimpeleka steshenari kutolewa nakala, na nilipoinua macho kutoka kwenye simu nilikuta kijana ameshampiga laminesheni ili, kama alivyoniambia, adumu. Naomba kujua kama hizi ni chapa za zamani kweli au ni nakala, kwa nini wanyama wenyewe wamechorwa hivi, na kama paka anaweza kuokolewa.

Fundi wa fremu, Lindi mjini

Pole kwa msiba, ndugu yangu, na pole kwa paka. Plastiki ile huyeyuka kwa joto na kushikana na nyuzi za karatasi, kwa hiyo usijaribu kuibandua kwa pasi wala kwa wembe. Utabaki na masharubu upande mmoja na karatasi tupu upande wa pili. Mwache alivyo.

Kwa hao watatu, azima kioo cha kukuzia, hata kile cha fundi saa, utazame mahali penye kivuli, kwa mfano chini ya tumbo la farasi. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu kama matundu ya chandarua, basi ukurasa huo ulichapwa kwa njia inayotumia kamera, ambayo Georg Meisenbach aliipatia hataza Ujerumani mwaka 1882. Mchoro wenyewe waweza kuwa wa kale sana, lakini karatasi uliyoishika haielekei kuwa ya kabla ya hapo.

Ukiona mistari mitupu, jiulize ilichimbwa wapi. Katika bamba la shaba wino hukaa ndani ya mifereji, na karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa kwa nguvu hadi ikaufuata humo, ndiyo maana kidole huhisi mstari umeinuka kidogo na pembezoni hubaki alama ya ukingo wa bamba, ikiwa mtu hakuikata. Chapa ya mbao ni kinyume chake: kilichochimbwa hubaki cheupe, kilichoachwa ndicho kinachoshika wino. Thomas Bewick, mchongaji wa Newcastle, Uingereza, aliyetoa kitabu chake cha wanyama wa miguu minne mwaka 1790, alichonga kwenye uso wa gogo lililokatwa mkingamo wala si ubavuni mwa ubao, kwa kuwa huko nyuzi za mti hazikipotoshi chombo, na ndiyo siri ya manyoya yake membamba kama unywele. Aliyewahi kukaa na wachongaji wa mpingo hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Chapa ya jiwe, aliyoibuni Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, utaitambua kwa kivuli chenye chembechembe, kama cha kalamu ya nta.

Rangi iliyovuka mstari isikusikitishe. Mara nyingi ni dalili kwamba mtu aliipaka kwa brashi, ukurasa baada ya ukurasa, na mkono ukachoka.

Mwalimu wa sanaa, Masasi

Mimi nitajibu swali la pili tu. Kijipembe cha mabegani hakipo kwa kifaru yeyote duniani, lakini kina historia. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alishushwa Lisbon, na mchoraji Albrecht Dürer, aliyekuwa Nuremberg, Ujerumani, na hakupata kumwona, aliletewa maelezo pamoja na mchoro wa harakaharaka, akatengeneza chapa ya mbao yenye mabamba na kijipembe hicho. Mnyama mwenyewe alizama na meli alipokuwa akipelekwa kwa Papa, lakini picha yake iliendelea kunakiliwa kwa zaidi ya miaka 200, hadi kifaru jike aliyeitwa Clara, aliyefika Ulaya mwaka 1741, alipotembezwa mji hadi mji na watu wakajionea.

Tembo wako sina hakika kama amekosewa. Wengi waliofugwa na wafalme wa Ulaya walitoka Asia, na hao masikio yao ni madogo, mgongo umeinuka, na ncha ya mkonga ina kidole kimoja badala ya viwili. Huenda wajomba walimcheka tembo wa India kwa sababu si wa Liwale.

Farasi ndiye anayenivutia zaidi. George Stubbs wa Uingereza alitumia takriban mwaka mmoja na nusu akichuna mizoga ya farasi ili aelewe mifupa na misuli, akatoa michoro yake mwaka 1766, na bado hata yeye alipochora mbio aliinyoosha miguu yote minne kama huyo wako. Jicho halikuwahi. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo huko California na kuonyesha kwamba miguu yote huwa hewani pale inapokunjwa chini ya tumbo, si inaponyooshwa.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Kwetu farasi amebaki mgeni wa pichani kwa sababu ya mbung'o. Hata Livingstone alipoondoka Mikindani mwaka 1866 alichukua ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) na punda, kwa nia pia ya kuona kama wangestahimili mdudu huyo.

Usiuze kitu kabla hujalinganisha. Maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library imeweka bure vitabu vingi vya zamani vya wanyama, kurasa na picha zake zote. Na usizitundike ukuta unaotazama bahari; unyevunyevu wetu huleta madoa ya kahawia kwenye karatasi.

Mleta mada, Mikindani

Nawashukuru nyote. Nimeazima kioo kwa fundi saa wa sokoni, na tumekaa barazani mchana mzima. Kifaru ana vitone mwili mzima, hata kwenye kijipembe, kwa hiyo ni nakala, ila bibi amesema huyo asiguswe na mtu. Ncha ya mkonga wa tembo ina kidole kimoja, na wajomba nimewapelekea taarifa. Farasi ni mistari mitupu bila kitone, nayo rangi imelala juu ya mistari. Alama ya bamba sikuiona, kwa kuwa kingo zote zimekatwa kwa mkasi.

Nilipomgeuza farasi nimekuta mwandiko wa babu kwa penseli: senti 50. Nimemsomea bibi. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi aliniambia ameokota."