Mrejesho: kosa la "The list of candidates have been pinned"

Asanteni sana wadau. Niliuliza kwa nini sentensi hiyo ina kosa ilhali watahiniwa wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) hapa Nairobi wanaiona sawa. Mbinu yenu imekubali: tafuta kitenzi kwanza, kisha kata kwa penseli kundi linaloanza na "of" au "along with". Kinabaki "The list", umoja, kwa hiyo "has". "Candidates" imeketi jirani na kitenzi, ndiyo maana sikio linadanganyika.

Linalosumbua zaidi ni "We discussed about the fees". Ondoa "about", maana "discuss" hubeba yambwa (kinachotendwa, hapa "the fees") moja kwa moja. Lakini jamani, msiifute kwenye "a discussion about the fees". Hapo "discussion" ni nomino, na "about" inahitajika.