Naomba ushauri: alama za historia kati ya Mombasa na Malindi

Wadau, nataka kuwatembeza watoto wa dada yangu toka Mombasa hadi Malindi, tukisimama penye kila kibao cha historia. Shida ni kwamba barabara haifuati kalenda! Unaanza na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, kisha unarudi nyuma karne kadhaa hadi magofu ya Jumba la Mtwana pale Mtwapa, halafu magofu ya Gede, mwisho nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi 1498. Watachanganyikiwa, hasa yule mdogo. Nifuate barabara tu, au miaka? Na habari za Mekatilili, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza 1913, niziingize wapi? Sitaki Mreno abebe Malindi yote.