Wazungu wa mradi wa karanga Kongwa waliishije?

Wakuu, marehemu babu alipikia mume na mke Waingereza pale Kongwa, Dodoma, enzi za ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, 1947 hadi 1951. Bwana fundi trekta. Babu alisema yule mama alilia alipooneshwa hema badala ya nyumba. Kweli walilala mahemani?

— Kweli, mwanzoni. Nyumba zilikuja baadaye. Ila hema si kitu mkuu, maji ndiyo yalikuwa shida. Na udongo ule ukikauka ni sementi, majembe ya trekta yalivunjika. Mradi ulipokufa, majengo yakawa shule ya watoto wa Kizungu.

— Bibi yangu, Mgogo wa hapo hapo, aliwauzia mayai. Mama wa Kizungu analitia kila yai kwenye bakuli la maji. Likielea, anamrudishia bila neno. Bibi alinuna mpaka uzeeni: "Kuku wangu mimi atage viza?"

— (Muuliza swali) Hahaa, huenda ndiye huyo huyo! Sisi walituachia birika la chai, mdomo umezibwa kwa bati. Mama bado analitumia, linavuja vilevile.