Chemshabongo: mwanamichezo na mwanamuziki wa Marekani wenye jina moja la kwanza

Kondele Juu
Hamjambo wadau. Mwisho wa mwezi vijana wa mtaa wetu hapa Kisumu wana chemshabongo, timu 6 za watu wanne wanne. Raundi moja nataka iende hivi: nasoma dokezo la mwanamichezo wa Marekani na dokezo la mwanamuziki wa huko huko, timu inataja jina la kwanza linalowaunganisha. Hadi sasa nina Michael (Jordan na Jackson), Ray (Sugar Ray Robinson na Ray Charles) na Bob (Beamon na Marley). Niongeze yapi, na ni wapi nitabishiwa?

Mwalimu wa Khayega
Bob Marley mtoe mapema, yeye ni Mjamaika. Weka Bob Dylan. Beamon abaki: mita 8.90 alizoruka Mexico 1968 ni dokezo zuri kwa sababu tarakimu hiyo haifanani na ya mtu mwingine.

Michael ni rahisi, ifungue nayo raundi. Kazi iko kwa Ray. Sugar Ray Robinson hakuzaliwa Ray. Alizaliwa Walker Smith, na jina la Ray Robinson alilipata kwenye kadi ya bondia mwingine aliyoitumia akiwa kijana ili aruhusiwe kupigana. Naye Ray Charles alizaliwa Ray Charles Robinson, akakata hilo Robinson ili watu wasimchanganye na bondia huyo. Kwa hiyo mwenye jina hasa akaliacha kwa ajili ya aliyeliazima! Timu yenye msomaji mmoja tu itakusimamisha hapo, na itakuwa na haki.

Dawa ni Sugar Ray Leonard. Huyo alizaliwa Ray Charles Leonard, mama yake alimpa jina la mwanamuziki mwenyewe. Soma hivi: “Nilipata dhahabu ya ndondi Montreal 1976, michezo ambayo Kenya ilisusia. Mwenzangu alizaliwa Albany, Georgia, 1930, akapiga piano bila kuona.” Hakuna atakayepinga.

Juu ya karatasi ya raundi andika kabisa: linalohesabiwa ni jina la uwanjani au jukwaani. Usipoandika, mtu atakuambia Magic Johnson ni Earvin, Tiger Woods ni Eldrick, na Stevie Wonder ni Stevland, na wote watakuwa wamesema kweli.

Lanet
Kwa ukumbi wa huku kwetu usiache Jim. Dokezo la kwanza: “Niliingia Mexico 1968 nikishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, Kipchoge Keino akaniacha nyuma nikapata fedha.” Huyo ni Jim Ryun. La pili ni Jim Reeves, aliyefariki kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Angalia miaka hapo: usiandike kana kwamba Reeves alikuwa hai Ryun alipokimbia Mexico.

Na mpangilio ni huo huo kwa kila swali, gumu kwanza. Ukitanguliza Reeves, ukumbi mzima utapaza sauti kabla hujamaliza sentensi. Anayejibu baada ya dokezo la kwanza apate alama 3, baada ya la pili alama 1.

Kenny Rogers mweke mwisho, kama swali la ziada la jina lote. Kuna mwimbaji tunayemjua wote, aliyefariki Machi 2020, na kuna mrusha mpira wa besiboli wa Texas Rangers ambaye tarehe 28 Julai 1994 aliwatoa wapigaji wote 27 mfululizo, asifike hata mmoja kituo cha kwanza. Ni watu wawili tofauti.

Dada wa Milimani
Mbona wanaume watupu? Florence: Griffith Joyner, sekunde 10.49 za mita 100 mwaka 1988, na Florence Ballard wa kundi la waimbaji la The Supremes. Tina msimtumie: Tina Thompson wa mpira wa kikapu hana shida, lakini Tina Turner alichukua uraia wa Uswisi 2013 na kuuacha wa Marekani. Mtabishana hadi jioni.

Kondele Juu
Asanteni sana. Dada, hilo la uraia limenigusa, maana nilitaka Paul: Paul Chelimo na Paul Simon. Chelimo ni mzaliwa wa Kenya, je, anakubalika?

Mwalimu wa Khayega
Anakubalika, bora dokezo litaje jezi: “Rio 2016 nilipata fedha ya mita 5000 nikiwa nimevaa jezi ya Marekani.” Kwa Bernard Lagat, mkimbiaji mwingine mzaliwa wa Kenya, ndipo mwaka ni lazima. Fedha yake ya mita 1500 Athens 2004 iko kwa jina la Kenya. Dhahabu mbili za mashindano ya dunia ya Osaka 2007, mita 1500 na 5000, ziko kwa Marekani.