Kuku wa kienyeji kila kizazi wanapungua umbo: wa mbegu nawachaguaje? (Mafinga)

kijibwa_cha_msituni:
Kamwene wakuu. Nina mitetea 12 na majogoo 2, kienyeji tupu, nipo Mafinga. Majogoo wote wawili ni wa mama mmoja. Wanashinda nje, jioni nawamwagia mahindi ya kuparaza na pumba. Mayai yanaanguliwa vizuri tu, ila kila kizazi umbo linashuka. Mitetea wanaotaga sasa hivi wana kilo 1.1 hadi 1.3. Halafu kila mtotoo hawakosi vifaranga wawili watatu waliopinda vidole. Wapo wanaosema nilete jogoo wa Sasso, wale chotara wakubwa, wengine Kuchi, wale warefu. Mimi nataka wabaki kienyeji na waatamie wenyewe, maana mashine ya kutotolesha sina. Nianzie wapi?

pora_mwekundu:
Mkuu, majogoo wako wakubwa huwa wanaishia wapi? Huku kwetu jibu ni lile lile: Krismasi na Pasaka. Mteja akifika ananyoosha kidole kwa yule mkubwa mwenye mkia unaong'aa, anafungwa miguu, anaondoka. Anayebaki ni yule ambaye hakuna aliyemtaka, na ndiye anayekuwa baba wa bandani mwaka mzima. Ukiendelea hivyo miaka kadhaa, umechagua udogo kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo chagua kwanza, uza baadaye. Atamisha mayai katikati ya Agosti, vifaranga watoke Septemba baridi ikiwa imeanza kulegea na mvua bado. Desemba watakuwa na wiki 12. Wapime wote siku moja asubuhi kabla hawajala, kwa mzani wa kuning'iniza, ndani ya mfuko. Linganisha wa rika moja tu, maana aliyemzidi mwenzake wiki tatu lazima amzidi na uzito, hiyo siyo damu. Mapora (majogoo vijana) watano wa juu wavishe pete za plastiki mguuni, na waambie hata watu wa nyumbani kwamba mwenye pete hauzwi. Pete uilegeze kadiri mguu unavyonenepa, usipofanya hivyo inakata nyama.

Uchaguzi wa mwisho ni wiki ya 24 hivi. Mshike, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: uwe umenyooka, usiwe na kona. Miguu isimame sambamba, magoti yasigusane. Macho yawe maangavu, mdomo ukutane juu na chini. Kati ya hao watano weka wawili. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10.

mama_vitagio:
Jogoo ni nusu ya habari. Kwa mtu asiye na mashine, mtetea ndiye mashine, sasa usimchague kwa uzito peke yake.

Fungua daftari, kila mtetea mstari wake: mayai aliyotaga kabla ya kulalia, aliyoatamia, aliyoangua, na vifaranga walio hai wiki ya nane. Hesabu ya mwisho ndiyo yenye maana. Mtetea wa kilo 1.3 aliyelalia mayai 12, akaangua 10 na kufikisha 7 wiki ya nane anamzidi yule wa kilo mbili anayeacha mayai siku ya kumi na tano. Anayekula mayai, anayekanyaga vifaranga, au anayesusa kiota kila mara, huyo ni wa mchuzi, hata awe na rangi gani. Na rangi, jamani, tuiache. Watu wanang'ang'ania weusi au madoa halafu wanashangaa kuku hawatagi.

Mtetea anayetaga unamjua hata bila daftari: mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni mwa tundu la kutagia inapitisha vidole viwili hadi vitatu, na tundu lenyewe ni pana na lina unyevu. Kikiingia kidole kimoja kwa shida, huyo hatagi kwa wakati huo.

Mayai ya kuatamisha yasizidi siku 7 hadi 10. Yaweke ncha nyembamba chini, mahali pa ubaridi pasipo na jua, na usiyaoshe, ukiosha unaondoa utando unaozuia vijidudu. Acha makubwa mno, madogo mno na yenye ganda chakavu. Siku ya saba pima kwa tochi gizani: lenye mishipa kama mizizi lina uhai, jeupe tupu litoe.

Kuhusu Sasso, hapana. Ni chotara wa kutengenezwa. Kizazi cha kwanza utafurahia uzito, cha pili kila kifaranga anatoka kivyake, na tabia ya kuatamia ndiyo inayopotea mapema.

baridi_makambako:
Nakubaliana na mengi, ila tusikimbilie damu. Kuku wa kilo 1.1 anayekula mahindi na pumba tu anaweza kuwa na njaa ya protini na minyoo ndani. Ndugu zake wa damu ile ile wakilishwa vizuri wangekuwa na kilo moja na nusu.

Hata vidole usihukumu haraka. Vikijikunja kwa ndani kama ngumi kwenye wiki mbili tatu za mwanzo, na kifaranga anatembelea magoti, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2. Wape vitamini za kwenye maji, mchicha au majani mabichi yaliyokatwa, na dagaa waliosagwa, na wakiwahiwa wengi wananyooka. Mtetea aliyelishwa mahindi matupu anapeleka upungufu huo ndani ya yai. Ila kidole kilichopinda upande tangu anaanguliwa, na kinarudi kwa watoto wa jogoo yule yule, hapo ndipo undugu unashukiwa. Kifaranga wa hivyo mle, usimzalishe.

Vifaranga walishwe peke yao, chini ya tenga lenye matundu ambayo mama hapiti. Hadi wiki ya nane chakula chao kiwe na protini kama asilimia 20. Wakubwa wanaoshinda nje, gramu 50 hadi 60 kwa kila mmoja jioni, ndani yake mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kama ni ya bure.

Kuchi wapo wakubwa kweli, warefu, lakini wanataga kidogo, manyoya haba na ugomvi mwingi. Na Kishingo pia kwa Juni na Julai za Mafinga si chaguo langu: ile shingo wazi inamsaidia wa kwenye joto kupoza mwili, huku inampotezea joto analolihitaji. Tafuta jogoo wa kienyeji wa ukanda huu huu, kijiji kingine.

kijibwa_cha_msituni:
Asanteni sana, nimeelewa. Huyo jogoo mgeni nitamchukua Igowole. Anaingia bandani siku hiyo hiyo? Na nitakwepaje kurudi kwenye undugu baada ya miaka miwili?

pora_mwekundu:
Siku hiyo hiyo usithubutu. Mtenge wiki tatu mbali na wako, na vyombo vyake, ukianza kuhudumia wa nyumbani ndipo umalizie kwake. Mpe dawa ya minyoo, kagua chini ya mabawa na kuzunguka tundu kama ana chawa au utitiri. Siku ya kwanza mpe chanjo ya kideri (mdondo) iitwayo I-2, tone moja jicho moja. Wako wote nao wachanjwe, na mrudie kila miezi mitatu. Akiharisha au kunywea usimchanganye.

Majogoo wa zamani watoe, kisha subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuatamisha. Mtetea anahifadhi mbegu ya jogoo tumboni wiki mbili hadi tatu, ukiwahi utaangulisha watoto wa yule uliyemwondoa.

Undugu: ungana na majirani wawili, ziwe familia tatu. Mabinti wanabaki kwao, vijana wanaoa kwa jirani. Jogoo kijana wa kwako anaenda kwa wa pili, wa kwa wa pili kwa wa tatu, wa tatu anakuja kwako, kila mwaka kwa mzunguko ule ule bila kurudi nyuma. Kila nyumba na rangi yake ya pete.

mama_vitagio:
Na mkishaungana, nunueni chupa ya chanjo pamoja. Dozi zake ni nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya mwezi ujao. Pangeni siku moja, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, nyumba hadi nyumba. Viatu mbadilishe au mkanyage kwenye maji ya dawa mlangoni.